Pampu Ikipiga Kelele, Usikimbilie Spana



Kiangazi kikikolea, simu nyingi ninazopokea si za wadudu wala mbolea. Ni za kelele. "Bwana shamba, mashine inagonga." "Afisa, bomba linapiga kama kuna mtu ndani na nyundo." "Kaka, lile pipa la maji ya moto linanguruma, tumelikimbia." Na karibu kila mara, kabla sijauliza hata swali la kwanza, mwenzangu ameshaamua: beringi zimekufa, au pampu imeisha, anatafuta hela ya nyingine.

Haraka hiyo naielewa. Nyanya zikiwa kwenye maua na jua likiwaka kama linavyowaka huku kwetu mwezi wa tisa, siku nne bila maji ni maua chini, na mteja wako wa Kahama au Katoro hatakusubiri. Atachukua kwa mwingine, basi. Lakini hela ya pampu mpya ni hela ya mbegu na dawa ya msimu mzima. Kwa hiyo kabla hujashika spana naomba unijibu mawili: kelele inaanza wakati gani, na inatokea upande upi wa mfumo? Kwenye kunyonya, kwenye pampu yenyewe, kwenye kusukuma, au kwenye tenki? Ukishayajua hayo, nusu ya kazi imekwisha, na mara nyingi hutafungua hata nati moja.

Kokoto ndani ya pampu

Nianze na kanda ya ziwa, maana huko ndiko hela nyingi zinapotea. Kuna kijana analima nyanya na matikiti upande wa Nkome, anauza Geita mjini na Katoro. Ana mashine ya petroli ya inchi tatu, zile zinazoandikwa lita 1,000 kwa dakika. Mwaka wa kwanza ilifanya kazi kimya kimya. Mwaka wa pili ikaanza kutoa sauti kama umetia kokoto kwenye debe ukalitikisa, na maji yakapungua. Fundi akafungua, akabadilisha beringi na sili. Jioni ileile sauti ikarudi. Akaambiwa mashine imechoka, anunue nyingine.

Nilipofika sikuitazama mashine kwanza. Nilitazama maji. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Mnakumbuka lilivyojaa mwaka 2020, likamezwa hadi mashamba ya watu. Tangu hapo ufukwe umekuwa ukisogea mbele na nyuma. Yeye mashine aliiacha palepale chini ya mti, kwa sababu pana kivuli na pana pa kuifungia mnyororo usiku. Maji yalipokimbia, akaongeza bomba la kunyonya, na kwa vile dukani la inchi tatu halikuwepo, akaunga la inchi mbili.

Hapo ndipo kokoto zilipoingilia. Na kwa kweli si kokoto.

Pampu hizi zinajua kusukuma. Kuvuta hazijui. Zinachofanya ni kupunguza presha kwenye mdomo wa kunyonyea, halafu hewa iliyotuzunguka ndiyo inayokandamiza uso wa ziwa na kuyapandisha maji kwenye bomba. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa hiyo ina nguvu ya kubeba maji kama mita 10.3, hakuna zaidi. Lakini Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, inabeba kama mita 9 tu. Kwa hiyo ule mkebe ulioandikwa "kunyonya mita 8" uliandikiwa usawa wa bahari, na hata huko mita 8 ni mwisho kabisa wa uwezo, wakati maji yanatoka kidogo tu. Huku kwetu nawashauri msivuke mita 4 hadi 5 kwenda juu, kuanzia uso wa maji hadi mdomo wa pampu, na bomba la kunyonyea liwe fupi.

Sasa ongeza lile bomba la inchi mbili. Maji yaleyale yakipita kwenye bomba la inchi mbili badala ya tatu, msuguano unaongezeka karibu mara saba kwa kila mita. Presha inashuka mno, hadi maji yanaanza kuchemka ndani ya pampu yakiwa ya baridi. Ndiyo, kuchemka: presha ikiwa ndogo kiasi hicho, maji hugeuka mvuke hata katika joto la kawaida. Vinatokea vipovu vidogo vidogo vya mvuke, vinafika upande wa impela wenye presha kubwa, vinapasuka kwa kujikunja ghafla. Kila kimoja kinagonga chuma kama nyundo ndogo. Maelfu yake kwa sekunde ndiyo hizo kokoto unazosikia. Wataalamu wanaita kavitesheni. Tulipofungua mashine ya yule kijana, impela ilikuwa na vishimo vishimo kama mhindi ulioguguniwa na panya, na ni upande mmoja tu. Beringi zilikuwa nzima, zile mpya na zile za zamani alizoziweka kwenye kopo.

Jinsi ya kujua bila kufungua: mashine ikiwa inapiga kokoto, punguza mafuta kidogo, au funga koki ya upande wa kutolea hadi nusu. Kelele ikipungua au ikinyamaza, tatizo liko kwenye kunyonya, kwa sababu umepunguza maji yanayodaiwa na bomba limepumua. Beringi iliyokufa hainyamazi kwa kufunga koki.

Dawa yake ilikuwa kuteremsha mashine. Tuliiweka juu ya jukwaa la mbao karibu na maji, bomba la kunyonya likawa la inchi tatu, gumu, lisilobonyea, urefu wa hatua chache tu, na mpira mrefu ukawa upande wa kusukuma, ambako mashine ina nguvu. Usiku anaibeba kurudi nyumbani. Impela ile bado anaitumia. Maji yamepungua kidogo kuliko ilipokuwa mpya, lakini shamba linanyweshwa.

Hapo hapo niseme jambo la sheria, maana naona wengine mnashuka na matuta hadi mguuni mwa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Sogeza mashine wakati wa kumwagilia kisha uiondoe, usisogeze shamba. Kibali cha kutumia maji kipo Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Na ukiingia kutega chujio, vaa buti ndefu: kichocho ziwani kipo.

Kuna sauti nyingine inafanana na ile lakini haiko sawa. Hii inakuja na kuondoka, maji yanatoka kwa kutema tema, pu, pu, pu, yakiwa na povu jeupe. Hiyo ni hewa, inaingia kwenye bomba la kunyonya. Angalia kwanza chujio. Kama liko juu juu utaona maji yanazunguka pale kama kwenye karo, na pampu inavuta upepo. Lizame angalau nusu mita, na ulifungie dumu tupu juu lielee, lisilale kwenye tope. Kisha pakaza povu zito la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba la kunyonya mashine ikiwa inafanya kazi. Povu litamezwa palipo na tundu. Wengi wanatafuta mahali panapovuja, hawaoni, wanasema bomba zima. Upande wa kunyonya hauvuji nje, unavuja ndani. Klipu mpya na tepu ya nyuzi inatosha.

Kuhusu mashine za mitumba zinazotoka mashimoni. Najua bei zake zinavutia. Wachimbaji wadogo wakihama duara, mashine inauzwa kwa bei ya kutupa. Sikatai. Ila mashine iliyokuwa inatoa maji ya shimo imekula mchanga, na impela yake imesagika hata kama imepakwa rangi upya. Fungua mfuniko uone kabla ya kulipa. Na kama ilikuwa mwaloni wanakokamatishia dhahabu kwa zebaki, iache, pamoja na mipira yake. Hiyo haifai kunywesha mchicha wa mtu.

Nyundo ndani ya bomba

Nikirudi upande wa Shinyanga na Kahama, kesi zinabadilika. Huku wengi mnatumia kisima kirefu chenye pampu ya umeme au sola, tenki la plastiki juu ya mnara, halafu bomba kwenda kwenye matone. Kelele ya huku ni "Gbu!" moja nzito unapofunga koki, na bomba linaruka. Au umeme unakatika, pampu inazima, na sekunde hiyohiyo unasikia kishindo hadi kwa jirani.

Maji yanayotembea bombani ni mzigo unaotembea, kama gari la pamba lililojaa. Ukifunga koki ghafla, mzigo wote unasimama kwa kugonga ukuta. Mrusi Nikolai Zhukovsky aliupima mgongo huo wa presha kwenye mabomba ya maji ya jiji la Moscow mwishoni mwa miaka ya 1890, na hesabu yake ndiyo inayotumika hadi leo. Chukua bomba la plastiki, maji yanakwenda mita 1.5 kwa sekunde. Ukifunga kwa mkupuo, presha inaruka kwa takriban bar 4 hadi 5 juu ya ile iliyokuwepo. Kama ulikuwa na bar 2 na nusu na bomba lako ni la daraja la bar 6, umeshavuka. Halipasuki siku hiyo. Linapasuka wiki ya sita, kwenye kiungo, usiku, na asubuhi tenki ni tupu. Kwenye bomba la chuma mruko ni mkubwa zaidi, mara tatu au nne, kwa sababu chuma hakitanuki.

Adui hapa ni zile koki za mkono zinazofungwa kwa robo mzunguko. Ni rahisi, ni nzuri, na kila kibarua anazipiga kwa kiganja akipita. Mwelekeze afunge polepole, ahesabu hadi kumi na tano. Kwenye bomba la plastiki la mita 300, wimbi la presha huchukua kama sekunde 2 kwenda mwisho na kurudi. Ukifunga kwa muda mrefu kuliko huo mara kadhaa, kishindo kinakufa chenyewe. Jambo la pili halina gharama kabisa: fungua kitalu kinachofuata kabla hujafunga kinachomaliza, maji yapate pa kwenda. Mama mmoja nje kidogo ya Kahama, analima pilipili hoho na vitunguu, alikuwa anabadilisha viungo kila mwezi. Tulibadilisha mpangilio wa kufunga tu, na koki mbili kubwa tukaweka za kuzungusha. Viungo vyake vya akiba bado viko stoo.

Kishindo cha umeme kukatika ni kingine. Pale maji yaliyokuwa yanapanda yanarudi chini na kuibamiza valvu ya kuzuia kurudi. Kama valvu yako ni ya kifuniko kinachoning'inia, badilisha uweke yenye springi, inayofunga kabla maji hayajapata kasi ya kurudi. Na bomba lifungwe kwenye nguzo kila baada ya hatua mbili tatu. Bomba linalocheza linajikata lenyewe.

Kwa walioko kwenye vilima vya Geita, bomba linapopanda na kushuka, hewa inakaa kwenye nundu. Utasikia kukoroma, na maji ya mwisho wa shamba yanafika kidogo. Toboa kwenye sehemu ya juu kabisa, weka valvu ya kutolea hewa au hata koki ndogo, ifungue kila unapoanza kumwagilia hadi maji yatoke bila kukohoa.

Injini na mota sitakaa sana. Mota ya umeme inayovuma "mmm" bila kuzunguka: zima ndani ya sekunde chache, usiiache "ijaribu", itaungua. Mara nyingi ni kapasita, kitu cha bei ndogo, au umeme ni hafifu jioni, au impela imekwama kwa mchanga. Beringi yenyewe ikifa unaijua hivi: ni mlio wa kusaga usiobadilika, uwe umefungua koki au umefunga, unakua mwezi hadi mwezi. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi, kishikio kwenye mfupa nyuma ya sikio, na mikono na nguo mbali na vinavyozunguka. Utasikia kama uko ndani. Hiyo sasa mpelekee fundi.

Pipa la maji ya moto

Nimeliacha mwisho kwa sababu ni la wachache, lakini ndilo lililonitisha. Vijana wa kuku wa nyama wanaochinja wenyewe wanahitaji maji ya moto ya kunyonyolea, kama nyuzi 60. Wengine wameacha kuni, wamefunga pipa la umeme lenye hita ndani. Miezi ya kwanza kimya. Kisha linaanza kutoa sauti kama bisi, baadaye linanguruma.

Mkosaji ni kisima. Visima vyetu vingi vya Shinyanga vina maji magumu, yana chokaa iliyoyeyuka. Yakipashwa moto, hewa ukaa inatoka na chokaa inaganda, na inaganda zaidi pale penye joto kuliko pote: juu ya hita. Ule ugaga mweupe unashika maji kidogo chini yake. Yanachemka pale pale, wakati pipa zima liko nyuzi 60. Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mvuke unapasua ugaga kutoka, ndiyo mlio. Hita inavikwa blanketi, inakula umeme, mwisho inakatika. Waliounganishwa na maji ya KASHWASA kutoka Ihelele wanapata shida hii kidogo sana, maana maji ya Ziwa Victoria ni laini. Ukikaa kwenye banda moja na wa kisima, angalia birika zenu za chai mlinganishe.

Kusafisha: zima umeme kwenye swichi kuu, acha lipoe, mwaga maji, kisha loweka hita kwa siki usiku kucha. Ugaga utalainika, ufute kwa brashi, suuza vizuri. Siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Gesi inayotoka inaua. Usiwashe hita kabla pipa halijajaa. Na msimu wa mvua vuna ya bati: paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 1,000 ya maji yasiyo na chokaa hata chembe.

Lililonitisha ni hili. Kijana mmoja pipa lake, la kufungwa, lilikuwa linadondosha maji kwenye ile valvu ndogo ya pembeni. Akaona linachafua sakafu, akaiziba kwa plagi ya chuma na tepu. Kisha linanguruma, na yeye ananipigia simu kuuliza kelele. Nilimwambia azime umeme kwenye mita na watoke wote ndani ya banda, kabla sijamweleza kingine chochote. Valvu ile ndiyo njia pekee ya presha kutoka kidhibiti joto kikifa. Bila hiyo, pipa la lita 100 ni bomu. Ikidondosha, nunua nyingine yenye kiwango kilekile cha presha kilichoandikwa kwenye pipa, na bomba lake lielekee chini, mbali na wanaponyonyolea.

Kwa hiyo mkinipigia kuhusu kelele, nirekodieni sekunde thelathini kwenye simu, mkisimama kwanza karibu na kunyonya, kisha karibu na pampu, kisha mwisho wa bomba. Mniambie na mita ngapi toka uso wa maji hadi pampu, na nini kilibadilika wiki ambayo kelele ilianza. Nitajibu jioni nikitoka vijijini.